Kusanidi kerneli ya Linux kwa ajili ya mashine yako: mwongozo kamili

Wanaojaribu kujitengenezea kerneli, yaani kiini cha Linux kinachounganisha programu na vifaa, hukwama karibu wote mahali pamoja. Kazi ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) inaisha salama, kompyuta inawashwa upya, halafu skrini inaganda kwenye mstari huu:

```
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)
```

Kosa halikutokea hapo. Lilitokea mapema, kwenye menyu ya usanidi, pale mtu alipokutana na maelfu ya machaguo na kuanza kuzima kila jina asilolifahamu. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Tunaanza na usanidi ambao tayari unaiwasha mashine yako, tunaupunguza kwa kufuata vifaa vilivyomo ndani yake, na tunailinda njia inayoifikisha kerneli kwenye diski.

Amri zimeandikwa kwa kompyuta ya x86 ya biti 64 inayotumia Debian, Ubuntu au jamaa zake. Pale ambapo Fedora au Arch zinatofautiana, nitasema.

Neno moja kuhusu matarajio: kerneli iliyopunguzwa haitaifanya kompyuta iwe na kasi maradufu. Utakachopata ni kerneli ndogo, inayokompailiwa kwa muda mfupi, yenye vitu unavyovijua, na ambayo unaweza kuiwekea chaguo au kiraka ambacho distro yako (toleo la Linux unalotumia, kama Debian au Fedora) haikuweka. Kama hitaji lako halimo hapo, kerneli ya distro inakutosha.

## Vinavyohitajika

Kusanya hivi kabla ya kugusa chochote:

- Nafasi ya GB 20 hivi kwenye folda yako ya nyumbani, na angalau MB 300 tupu kwenye `/boot`. Kagua kwa `df -h ~ /boot`.
- Kerneli ya distro, ikiwa imesakinishwa na inawaka vizuri. Hii haifutwi hata baada ya mafanikio.
- Flashi ya USB yenye Linux inayowaka moja kwa moja, kwa ajili ya uokoaji.
- Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kama diski hiyohiyo ina Windows iliyosimbwa. Kubadili mpangilio wa Secure Boot (ulinzi unaoruhusu kuwaka kwa programu zenye sahihi inayoaminika tu) kunaweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo, na usipokuwa nao data zako zimefungwa.
- Vifaa vyote unavyovitumia na mashine hiyo: printa, kamera, adapta ya mtandao, kipokea sauti cha Bluetooth, diski za nje. Sababu utaiona katika hatua ya nne.

Kisha programu za kujengea. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev \
  libdw-dev libncurses-dev dwarves rsync cpio kmod python3 debhelper zstd
```

Kwenye Fedora majina ni `gcc make bc bison flex openssl openssl-devel elfutils-libelf-devel elfutils-devel ncurses-devel dwarves perl`. Kwenye Arch, `base-devel bc cpio pahole` zinatosha kuanzia.

## Hatua ya 1: Andaa njia ya kurudi

Distro nyingi huficha menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, kwa hiyo kerneli mpya ikigoma huoni pa kuichagua ile ya zamani. Fungua `/etc/default/grub` ukiwa na haki za root na uweke:

```
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=10
```

Hifadhi, endesha `sudo update-grub`, kisha washa upya. Umefaulu kama menyu imetokea na ikakaa sekunde 10. Ingia kwenye kipengele cha `Advanced options` na uione kerneli yako ya sasa kwa jina lake kamili. Usiendelee kabla hujaiona.

Sasa angalia hali ya Secure Boot:

```
mokutil --sb-state
```

Ikijibu `SecureBoot enabled`, kerneli utakayoijenga itakataliwa kabla haijapata hata nafasi ya kuanza, kwa sababu haina sahihi inayoaminika. Una njia mbili: kuizima Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI (programu ya bodi mama inayoanza kabla ya mfumo), au kutengeneza ufunguo wako, kuusajili kwa `mokutil --import`, na kutia sahihi kwenye kerneli kwa `sbsign`. Ushauri wangu ni kuizima wakati wa majaribio, halafu kuirudisha na kutia sahihi ukishapata kerneli inayokaa. Ukichanganya mambo hayo mawili mwanzoni, hutajua ni lipi linalokukwamisha.

## Hatua ya 2: Ijue mashine yako

Huwezi kusanidi kerneli ya vifaa usivyovijua. Tengeneza folda ya kazi na uhifadhi hali ya mashine ikiwa inafanya kazi vizuri:

```
mkdir -p ~/kerneli/kabla && cd ~/kerneli/kabla
lspci -nnk > lspci.txt
lsusb -t > lsusb.txt
lsmod > lsmod.txt
lsblk -f > lsblk.txt
sudo dmesg --level=err,warn > dmesg.txt
```

Jina la folda lisiwe na nafasi wala nukta mbili mahali popote kwenye njia yake. Makefile ya kerneli, yaani faili la maelekezo ya ujenzi, hukataa kabisa njia ya namna hiyo.

Faili la `lspci.txt` ndilo la kusoma kwa utulivu. Chukua mfano huu:

```
02:00.0 Network controller [0280]: Intel Corporation Wi-Fi 6 AX200 [8086:2723]
        Kernel driver in use: iwlwifi
        Kernel modules: iwlwifi
```

Mtu akiusoma haraka ataondoka na wazo kwamba kuwasha `iwlwifi` kunamaliza kazi. Haimalizi. Fungua `lsmod.txt` utafute jina hilo, utaona `iwlmvm` ikiitegemea. Kwa kadi hii, `iwlwifi` hushughulika na kifaa chenyewe kwenye basi la PCI, na `iwlmvm` ndiyo inayoendesha mazungumzo ya mtandao. Ukiiacha ya pili, kadi itatambuliwa lakini hutaona mtandao hata mmoja.

Sauti iko hivyohivyo. `snd_hda_intel` bila kodeki yake, kwa mfano `snd_hda_codec_realtek`, inakupa kadi isiyotoa mlio. Padi ya mguso ya laptop nyingi za kisasa inahitaji `i2c_hid_acpi`, lakini pia kidhibiti cha I2C kinachoibeba na kiendeshi cha pini za bodi mama. Kwa hiyo soma `lspci` na `lsmod` pamoja: ya kwanza inakuonyesha kifaa, ya pili inakuonyesha mnyororo mzima.

Kupata chaguo la usanidi kutokana na jina la moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa kinapohitajika), tafuta kwenye Makefile za msimbo chanzo (utaupakua katika hatua inayofuata):

```
grep -rn "iwlmvm.o" --include=Makefile drivers/net/wireless/
```

Jibu litakuwa na `obj-$(CONFIG_IWLMVM)`, na hilo ndilo jina la kutafuta kwenye menyu. Angalizo: `lsmod` huandika majina kwa mstari wa chini, ilhali Makefile mara nyingi hutumia kistari. `snd_hda_intel` itafute kama `snd-hda-intel`.

## Hatua ya 3: Pakua msimbo chanzo

Nenda kernel.org uchague toleo lililoandikwa `longterm`. Matoleo hayo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka, na marekebisho yenyewe hayakulazimishi kuanza usanidi upya kila mara. Hapa natumia 6.12.30 kama mfano. Wewe weka namba ya karibuni zaidi katika mfululizo uliouchagua.

```
cd ~/kerneli
wget https://cdn.kernel.org/pub/linux/kernel/v6.x/linux-6.12.30.tar.xz
wget https://cdn.kernel.org/pub/linux/kernel/v6.x/linux-6.12.30.tar.sign
xz -cd linux-6.12.30.tar.xz | gpg --verify linux-6.12.30.tar.sign -
```

Sahihi ni ya faili la `.tar` lililofunguliwa, si la `.tar.xz`. Ndiyo maana amri ya mwisho inalifungua kwanza. Ukurasa wa sahihi wa kernel.org unaeleza jinsi ya kupata funguo za Linus Torvalds na Greg Kroah-Hartman. Unatafuta maneno `Good signature`. Onyo la kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini ni la kawaida. `BAD signature` si ya kawaida, na hapo futa faili upakue upya.

```
tar xf linux-6.12.30.tar.xz
cd linux-6.12.30
```

Kuanzia hapa hadi kusakinisha, fanya kila kitu kama mtumiaji wa kawaida. Hakuna sababu ya kukompaili ukiwa root.

## Hatua ya 4: Anza na usanidi unaofanya kazi

Nakili usanidi wa kerneli inayoendesha mashine sasa hivi:

```
cp /boot/config-$(uname -r) .config
```

Kwenye Arch hutaukuta hapo. Tumia `zcat /proc/config.gz > .config`.

Faili hili lina kila kitu ambacho distro iliona kinaweza kumfaa mtu yeyote, maelfu ya moduli. Mashine yako hutumia mia moja au mia mbili hivi. Msimbo chanzo una chombo cha kupunguza pengo hilo, jina lake `localmodconfig`: kinasoma `lsmod`, kisha kinazima kila chaguo lililowekwa `m`, yaani linalojengwa kama moduli, ambalo moduli yake haijapakiwa. Machaguo yaliyowekwa `y`, yaani yaliyojengwa ndani ya kerneli, hakiyagusi.

Hapa ndipo inapofichika sababu ya pili kubwa ya watu kushindwa. Chombo hiki kinajua yaliyopakiwa dakika hii tu. Kama flashi haikuchomekwa, moduli ya flashi inazimwa. Kama hukuwasha VPN, moduli yake inazimwa. Mtu anagundua wiki mbili baadaye, akiwa na haraka, kwamba printa haionekani.

Kwa hiyo kabla ya kukiendesha, itumikishe mashine:

- Chomeka kila kifaa cha USB ulichokikusanya, na flashi uifungue hasa, ili na mfumo wake wa faili upakiwe.
- Unganisha Wi-Fi, kebo ya mtandao na Bluetooth.
- Washa VPN, kontena na mashine pepe unazozitumia. Kontena huhitaji `overlay`, `veth` na `bridge`, na hizo hazipakiwi mpaka kontena lianze.
- Cheza sauti, washa kamera, chomeka skrini ya pili.
- Hakikisha `/boot/efi` imepachikwa, ili viendeshi vya FAT na jedwali zake za herufi vihesabiwe.

Kisha:

```
lsmod > ~/kerneli/lsmod-kamili.txt
yes "" | make LSMOD=$HOME/kerneli/lsmod-kamili.txt \
  LMC_KEEP="drivers/usb:drivers/hid:fs" localmodconfig
```

`LMC_KEEP` inakiambia chombo kiache folda hizo kama zilivyo. Mimi huziacha USB, vifaa vya kuingizia na mifumo ya faili nzima, kwa sababu hakuna ajuaye kesho atachomeka nini, na gharama yake ni dakika chache tu za kukompaili. `yes ""` inajibu maswali ya machaguo mapya kwa majibu ya kawaida.

Utaona maonyo kama `nvidia config not found!!`. Hayo ni ya moduli zinazotoka nje ya msimbo wa kerneli, kwa mfano za NVIDIA au VirtualBox. Si hitilafu, lakini yaandike pembeni: moduli hizo zitajengwa upya baadaye na DKMS, chombo kinachojenga moduli za nje kwa kila kerneli mpya.

Kama mashine ni dhaifu, chukua `lsmod-kamili.txt` na `.config` uvipeleke kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi. Ndiyo faida ya `LSMOD`: kompyuta inayojenga si lazima iwe ile itakayotumia.

## Hatua ya 5: Rekebisha mambo matatu kabla ya menyu

Kwanza, ipe kerneli jina lake. Bila jina, ukiijenga upya itaandika juu ya iliyotangulia. Tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari tu, kwa sababu vifurushi vya Debian havipokei mstari wa chini wala herufi kubwa.

```
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-yangu"
```

Pili, ondoa vyeti vya distro. Usanidi wa Ubuntu na Debian huelekeza kwenye mafaili ya vyeti ambayo hayamo katika msimbo wa kernel.org, na ujenzi hukatika kwa `No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'`.

```
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
```

Tatu, zima taarifa za utatuzi. Ndizo zinazokula diski na muda kuliko kitu kingine chochote:

```
scripts/config -d DEBUG_INFO -d DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT \
  -d DEBUG_INFO_DWARF4 -d DEBUG_INFO_DWARF5 -e DEBUG_INFO_NONE
make olddefconfig
```

Kuzima huku kunaondoa pia BTF, ambayo baadhi ya zana za BPF (za kuchunguza kerneli ikiwa inaendesha) huihitaji. Kama unazitumia, acha taarifa hizo na ukubali ukubwa wake.

`make olddefconfig` inakagua utegemezi na kuandika usanidi uliokamilika. Usihariri `.config` kwa mkono ukaishia hapo: chaguo lisilotimiziwa utegemezi wake huondolewa kimyakimya.

## Hatua ya 6: Linda njia ya kwenda kwenye diski

Hii ndiyo hatua inayozuia ule mstari wa mwanzo wa makala, kwa hiyo tukae nayo.

Kerneli ikianza, moduli zake zimo kwenye diski. Lakini ili isome diski, inahitaji moduli za diski. Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Kuna namna mbili za kujinasua: initramfs, ambayo ni mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli ukiwa na moduli za lazima, au kuvijenga viendeshi hivyo ndani ya kerneli kwa `y`.

Fanya yote mawili. Tumia initramfs kama distro yako inavyofanya, na uweke `y` kwa kila kitu kilicho kati ya prosesa na mzizi wa mfumo wa faili. Fuata mnyororo wako kwa kuangalia `lsblk.txt`:

- Diski ya NVMe: `BLK_DEV_NVME`. Kama `lspci` inaonyesha kidhibiti cha Intel kinachotumia kiendeshi cha `vmd`, ongeza `VMD`. Bila hiyo diski ya NVMe haionekani kabisa.
- Diski ya SATA: `SATA_AHCI` pamoja na `BLK_DEV_SD`. Wengi huiacha ya pili kwa sababu inahusu SCSI, lakini diski za SATA hupitia hapo.
- Hifadhi ya eMMC: `MMC_BLOCK` na kidhibiti chake, `MMC_SDHCI_PCI` au `MMC_SDHCI_ACPI`.
- Mashine pepe: `VIRTIO_PCI` na `VIRTIO_BLK`.
- Jedwali la patisheni la GPT: `EFI_PARTITION`.
- LVM au diski iliyosimbwa: `BLK_DEV_DM`, na kwa usimbaji `DM_CRYPT`, `CRYPTO_AES` na `CRYPTO_XTS`.
- Mfumo wa faili wa mzizi: `EXT4_FS`, `BTRFS_FS` au `XFS_FS`.
- initramfs yenyewe: `BLK_DEV_INITRD`, na namna inavyobanwa, kwa mfano `RD_ZSTD`.

Kwa laptop yenye NVMe na ext4:

```
scripts/config -e BLK_DEV_NVME -e EXT4_FS -e EFI_PARTITION \
  -e BLK_DEV_INITRD -e RD_ZSTD
make olddefconfig
grep -E "BLK_DEV_NVME|EXT4_FS=|EFI_PARTITION|BLK_DEV_INITRD|RD_ZSTD" .config
```

Umefaulu kama kila mstari unaishia `=y`. Mmoja ukiwa `=m` au `is not set`, kuna utegemezi usiotimia; utaufuatilia kwenye menyu.

Ongeza pia uwezo wa kuona na kuandika mapema: `FRAMEBUFFER_CONSOLE` na `DRM_SIMPLEDRM` ili ujumbe wa hitilafu uonekane, `KEYBOARD_ATKBD` kwa kibodi ya ndani ya laptop, `USB_XHCI_HCD`, `USB_HID` na `HID_GENERIC` kwa kibodi ya USB. Mwenye diski iliyosimbwa anahitaji kibodi kabla ya kitu kingine chochote.

### Usiweke kila kitu `y`

Wakishaona `y` inaokoa, wengine huiweka kila mahali. Hilo nalo linavunja mambo. Kadi za picha na za Wi-Fi huhitaji programu dhibiti (firmware) iliyoko `/lib/firmware`. Kiendeshi kilichojengwa ndani huanza kabla ya diski kupachikwa, kinaitafuta programu dhibiti, hakiioni, na `dmesg` inaandika `Direct firmware load for ... failed with error -2`. Kwa hiyo `i915`, `amdgpu`, `iwlwifi` na wenzao wabaki `m`.

## Hatua ya 7: Punguza kwa menyu, mada moja kwa wakati

```
cp .config ~/kerneli/config-01
make menuconfig
```

Mishale inakusogeza, `y`, `m` na `n` zinabadili hali, `?` inaonyesha maelezo. Kitufe muhimu kuliko vyote ni `/`, cha kutafuta. Andika jina bila `CONFIG_`, na utaonyeshwa lilipo, linategemea nini na nini kimeliwasha. Bonyeza namba iliyo kwenye mabano upelekwe moja kwa moja. Chaguo lisiloonekana kwenye menyu karibu kila mara limefichwa na utegemezi, na mstari wa `Depends on` unakuambia upi.

Mahali salama pa kukata kwa anayeanza: viendeshi vya kadi za mtandao za watengenezaji usio na vifaa vyao, kadi za televisheni na redio, itifaki za mtandao usizozijua hata kwa kazi, na viendeshi vya seva kubwa. `localmodconfig` imeshaondoa sehemu kubwa, hivyo usishangae ukikuta kidogo.

Yasiyoguswa:

- Ulinzi wa prosesa dhidi ya hitilafu za aina ya Spectre. Kasi utakayoipata hailingani na hatari.
- Mambo ambayo systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, inayadai: `DEVTMPFS`, `CGROUPS`, `TMPFS`, `INOTIFY_USER`, `EPOLL`, `SIGNALFD`, `TIMERFD`, `FHANDLE`, `UNIX`. Moja likikosekana mfumo unaweza kusimama katikati ya kuwaka bila maelezo yanayoeleweka.
- ACPI na usimamizi wa nishati, hasa kwenye laptop.
- `SQUASHFS` na `BLK_DEV_LOOP`, kama unatumia programu za snap.
- `VFAT_FS`, `NLS_CODEPAGE_437` na `NLS_ISO8859_1`. Zikikosekana, `/boot/efi` haipachikiki.

Kuhusu mwitikio wa mashine, utakutana na `PREEMPT_DYNAMIC`, inayokuruhusu kuchagua tabia wakati wa kuwasha kwa `preempt=full` au `preempt=voluntary`. Iache iwe imewashwa. Utajaribu bila kukompaili upya. Kwa kazi za sauti zinazodai wakati halisi, `PREEMPT_RT` imo kwenye msimbo rasmi tangu 6.12.

Ukitoka, hifadhi na ulinganishe:

```
scripts/diffconfig ~/kerneli/config-01 .config
```

Soma kila mstari. Kama kuna badiliko usilolikusudia, ni utegemezi umeburuta kitu kingine, na ni rahisi kulirekebisha sasa kuliko baada ya ujenzi.

## Hatua ya 8: Kompaili

Kwenye Debian na Ubuntu jenga vifurushi, kwa sababu vitafutika kwa usafi baadaye:

```
make -j$(nproc) bindeb-pkg 2>&1 | tee ~/kerneli/ujenzi.log
```

Kwingineko, `make -j$(nproc) 2>&1 | tee ~/kerneli/ujenzi.log`.

Mafanikio yanaonekana kwa mstari `Kernel: arch/x86/boot/bzImage is ready`, na kwa vifurushi, mafaili ya `.deb` katika folda ya juu. Ujenzi ukikatika, usisome mistari ya mwisho tu: kazi nyingi zinakwenda sambamba, na kosa lenyewe liko juu zaidi. Litafute kwa `grep -n "error:\|Error " ~/kerneli/ujenzi.log` uanze na la kwanza. Mara nyingi ni kifurushi cha kujengea kilichosahaulika. Ukishakisakinisha, rudia amri ileile na kazi itaendelea ilipoishia.

`make clean` inafuta matokeo na kuuacha usanidi. `make mrproper` inafuta na `.config` yako. Hifadhi nakala nje ya folda hii.

## Hatua ya 9: Sakinisha

```
sudo apt install ../linux-image-6.12.30-yangu_*.deb \
  ../linux-headers-6.12.30-yangu_*.deb
```

Kifurushi cha `linux-libc-dev` kiache. Ni bora kibaki cha distro. Headers (mafaili ya kujengea moduli za nje) ni za lazima kwa wanaotumia DKMS.

Kwenye Fedora:

```
sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make install
```

Moduli kwanza, kerneli baadaye, kwa sababu initramfs hutengenezwa kutokana na moduli zilizokwisha kuwekwa. Kwenye Arch, baada ya `modules_install`, nakili mwenyewe:

```
sudo cp arch/x86/boot/bzImage /boot/vmlinuz-6.12.30-yangu
sudo mkinitcpio -k 6.12.30-yangu -g /boot/initramfs-6.12.30-yangu.img
sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg
```

Kabla ya kuwasha upya, endesha `ls -lh /boot/*yangu*`. Lazima uone mafaili mawili angalau: `vmlinuz` na initramfs. initramfs isipokuwepo, au ikiwa na ukubwa wa sifuri, `/boot` imejaa. Rekebisha hilo kwanza.

## Hatua ya 10: Washa, kisha kagua

Chagua kerneli mpya kwenye menyu ya GRUB. Ukiingia:

```
uname -r
mkdir -p ~/kerneli/baada && cd ~/kerneli/baada
lspci -nnk > lspci.txt
sudo dmesg --level=err,warn > dmesg.txt
diff ../kabla/lspci.txt lspci.txt
```

`uname -r` ijibu `6.12.30-yangu`. Kwenye `diff`, unatafuta kifaa kilichokuwa na `Kernel driver in use` zamani na sasa hakina. Kila kimoja ni chaguo la kurudisha. Kisha jaribu kwa mkono: sauti, Wi-Fi, kamera, mwanga wa skrini, na kulaza mashine na kuiamsha. Jaribio la kulala na kuamka ndilo linalofichua makosa ambayo `diff` haiyaoni.

Kwa mashine iliyo mbali, weka `GRUB_DEFAULT=saved`, chagua kerneli ya distro kwa `grub-set-default`, ongeza `panic=30` kwenye vigezo vya kerneli, endesha `sudo update-grub`, na uijaribu mpya mara moja tu kwa `grub-reboot`. Ikianguka kwa panic, baada ya sekunde 30 mashine itajiwasha na kurudi kwenye ile ya zamani.

## Ikigoma

`bad shim signature`: Secure Boot bado imewashwa. Rudi hatua ya 1.

`Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`: initramfs haipo au haikupakiwa, na kerneli haina kiendeshi cha diski au mfumo wa faili. Kama umeamua kuwasha bila initramfs, kumbuka kerneli peke yake haielewi `root=UUID=`; inaelewa `root=PARTUUID=`, inayopatikana kwa `lsblk -o NAME,PARTUUID`.

`ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!`: initramfs imefanya kazi lakini diski haionekani. Andika `cat /proc/partitions`. Ikiwa tupu, kidhibiti cha diski kimekosekana. Ikiwa na diski bila patisheni, ni `EFI_PARTITION`. Ikiwa na vyote, tazama LVM au usimbaji.

Skrini nyeusi, lakini diski inafanya kazi: kadi ya picha. Kwenye GRUB bonyeza `e`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa `linux`, kisha Ctrl+X. Ikiwaka, angalia `dmesg` kama programu dhibiti imekosekana.

Kifaa kimoja kimekufa: washa kerneli ya zamani, pata moduli yake, ifuate hadi kwenye chaguo kama ulivyofanya katika hatua ya 2, uiwashe, ukompaili tena. Mara hii ni sehemu ndogo tu inayojengwa.

## Kuitunza

Ukishajijengea kerneli, distro haikuletei tena marekebisho yake ya usalama. Fuatilia matoleo mapya ya mfululizo wako kwenye kernel.org. Likitoka jipya, lifungue, kisha:

```
cp ~/kerneli/linux-6.12.30/.config .
make oldconfig
```

`oldconfig` inakuuliza kuhusu machaguo mapya pekee. Ndani ya mfululizo mmoja huwa machache sana au hakuna. Baada ya hapo unarudia hatua ya 8 hadi ya 10.

Kuondoa ya zamani, washa nyingine kwanza, kisha `sudo apt remove linux-image-6.12.30-yangu linux-headers-6.12.30-yangu`. Uliyesakinisha bila vifurushi, futa mafaili ya `/boot` yenye jina hilo na folda ya `/lib/modules/6.12.30-yangu`, kisha usasishe GRUB. Kwenye Fedora, `sudo kernel-install remove 6.12.30-yangu` inaondoa ingizo la menyu pamoja na mafaili ya `/boot`, na folda ya moduli unaifuta mwenyewe.